Kwa nini simu 'iliyorutiwa' hukataa masasisho rasmi

Na Mwandishi Wetu

UJUMBE huo huja bila kubisha hodi. Juu ya kioo cha simu panaandikwa kwamba kuna toleo jipya la programu endeshi, na mwenye simu anashauriwa kulipakua akiwa na chaji ya kutosha. Kwa watu wengi kazi huishia hapo: wanabonyeza, wanakwenda kulala, na alfajiri simu imekwisha kujisasisha. Wapo wengine, hata hivyo, ambao wakibonyeza, simu huzima, huwaka, hufika katikati ya kazi, kisha huandika kwamba usasishaji umeshindikana. Bando limekwenda na toleo ni lile lile la zamani.

Wengi wa kundi hili la pili ni wale ambao simu zao "zimerutiwa". Baadhi yao walifanya hivyo kwa hiari, kwa kufuata maelekezo ya marafiki. Wengine walifanyiwa na mafundi. Na wapo walionunua simu ya mtumba pale Kariakoo, mtaa wa Aggrey, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, bila kujua kwamba mwenye simu wa kwanza alikwisha kuivunja kufuli.

Neno lenyewe, ambalo lisichanganywe na kuruta wa jeshini, limetokana na jina la Kiingereza lenye maana ya mzizi. Katika kompyuta za jamii ya Unix, na hatimaye Linux, ambayo ndiyo kiini cha Android, mzizi ni jina la mtumiaji mkuu, yule asiyezuiwa na lolote. Programu nyingine zote huishi kama wapangaji katika nyumba moja. Kila mpangaji ana chumba chake na ufunguo wake, na haruhusiwi kuingia cha mwenzake. Programu ya tochi haiwezi kusoma ujumbe wa programu ya benki kwa sababu hizo ni vyumba viwili tofauti. Mtumiaji mkuu ndiye mwenye funguo zote. Cha kushangaza ni kwamba aliyeinunua simu kwa fedha zake hakabidhiwi funguo hizo; naye ni mpangaji, ingawa mwenye chumba kikubwa kidogo. Kuruti simu ni kujitwalia funguo hizo.

Historia yake ni fupi na yenye vituko. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, ambayo kwa Marekani iliuzwa kwa jina la T-Mobile G1, iliingia sokoni Oktoba 2008. Haukupita muda, Novemba mwaka huo huo, ikagundulika kwamba simu hiyo ilikuwa na kasoro ya ajabu: kila neno lililochapwa kwenye vitufe vyake lilipelekwa pia, kwa siri, kwa mtumiaji mkuu kama amri. Mtu aliyeandika katika ujumbe wa kawaida neno la Kiingereza la kuzima na kuwasha upya, simu yake ilizima na kuwaka upya papo hapo. Google iliziba tundu hilo kwa sasisho lililofuata. Na hapo ndipo ulipozaliwa ugomvi unaoendelea hadi leo, kwa maana wale waliolitumia tundu hilo kujitwalia funguo hawakutaka kusasisha. Sasisho lililowalinda wengine, kwao lilikuwa la kuwanyang'anya.

Msomaji na aliweke jambo hili akilini, kwani ndilo lililobeba mengine yote. Kwa miaka mingi njia kuu ya kuruti ilikuwa ni kutumia kasoro za usalama. Kazi ya masasisho rasmi ni kuziba kasoro hizo hizo. Vitu hivi viwili vilikuwa maadui tangu siku ya kwanza.

Sababu za zamani na za sasa

Haitakuwa haki kuwacheka walioruti simu zao zama zile. Kabla ya toleo la 4.0 la Android, lililotoka mwishoni mwa mwaka 2011, simu nyingi hazikuweza hata kupiga picha ya kioo chake zenyewe bila hatua hiyo. Hifadhi ya ndani ilikuwa finyu mno, na programu zilizopachikwa na kiwanda hazikufutika. Zaidi ya yote, watengenezaji wengi waliitupa simu mara tu walipoiuza. Huawei Ideos, iliyoingia Kenya mwaka 2011 kwa takriban Sh8,000 na kuwapa vijana wengi Android yao ya kwanza, ilikuja na toleo la 2.2. Aliyetaka kuipeleka mbele zaidi alilazimika kuiwekea CyanogenMod, mfumo mbadala ulioanzishwa mwaka 2009 na Mmarekani Steve Kondik.

CyanogenMod nayo ilipitia misukosuko. Septemba 2009 Google ilimwandikia Kondik barua ya kumtaka aache kusambaza programu za kampuni hiyo, kama ile ya ramani na ya soko, ndani ya mfumo wake. Android yenyewe ilikuwa huru kwa kila mtu. Programu za Google juu yake hazikuwa. Mradi huo uliendelea bila programu hizo hadi ulipofungwa Desemba 2016, na warithi wake wakaanzisha LineageOS, ambayo mpaka sasa inazipa simu zilizoachwa na watengenezaji wake matoleo mapya ya Android.

Leo sababu nyingi zimekufa kifo cha kawaida. Programu za kiwandani zinaweza kuzimwa, nyingi ya hizo, kupitia mipangilio. Picha na hata video ya kioo huchukuliwa bila fundi. Na kuhusu masasisho, Google iliahidi miaka saba kwa Pixel 8 mwezi Oktoba 2023, na Samsung ikafuata kwa ahadi kama hiyo kwa Galaxy S24 mwezi Januari 2024. Ahadi hizo, bila shaka, ni za simu za bei kubwa. Simu za bei nafuu ambazo ndizo zimejaa mifukoni mwa wakazi wa miji yetu hazijapewa ahadi ya aina hiyo, na ndiyo maana suala hili halijaisha kwetu kama lilivyokwisha kwingine.

Sasisho hukagua nini

Wengi hudhani kwamba simu iliyorutiwa hunyimwa sasisho kama adhabu. Kwa sehemu kubwa si hivyo. Tatizo ni la hesabu.

Sasisho linalotumwa hewani kwa kawaida si mfumo mzima. Ni tofauti tu kati ya toleo ulilonalo na toleo jipya, ili kukupunguzia gharama ya bando. Ni kama fundi cherehani anayetumiwa vipimo vya kuongeza inchi mbili kiunoni. Lazima suruali iwe ile ile aliyoishona. Kabla ya mwaka 2014 ukaguzi ulifanywa faili kwa faili, na kama faili uliyoibadilisha haikuguswa na sasisho, ungeweza kunusurika. Kuanzia Android 5.0 mambo yalibadilika. Sehemu nzima ya mfumo sasa inachukuliwa kama kitu kimoja, na hupigwa hesabu moja. Tofauti ndogo popote pale hulifanya sasisho likatae. Hata kuifungua sehemu hiyo kwa ruhusa ya kuandika, bila kuandika chochote, kunatosha kuivuruga hesabu.

Juu ya hilo umekuja ukaguzi wa wakati wa kuwasha. Simu inapowaka, programu ya kwanza kabisa kuamka, ile ambayo mafundi huiita butiloda, hukagua saini ya kidijitali ya mfumo kabla ya kuuruhusu kuendelea. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016 ukaguzi huo umekuwa wa lazima: mfumo ulioguswa hauruhusiwi kuwaka, isipokuwa mwenye simu awe amekwisha kuifungua butiloda yenyewe. Kuifungua kuna bei. Kila kilichomo ndani ya simu hufutwa, na kuanzia hapo simu kila inapowaka huonyesha onyo kwamba haiwezi tena kuaminika.

Mtu wa kawaida huliona kufuta huku kama ukatili. Ukweli ni kwamba kunamlinda. Kama butiloda ingefunguka bila kufuta, mwizi aliyekunyakulia simu kituo cha daladala angeifungua na kuukaribia ulinzi wa picha na barua zako kwa wepesi zaidi.

Njia ya Magisk

Mwaka 2016 alijitokeza mwanafunzi mmoja wa Taiwan, John Wu, na programu aliyoiita Magisk. Badala ya kuigusa sehemu ya mfumo, Magisk hubadilisha kipande kidogo tu cha kuwashia simu, kisha huweka mabadiliko mengine juu ya mfumo kama shuka juu ya kitanda. Mfumo wenyewe hubaki kama ulivyotoka kiwandani. Hivyo sasisho likija, ukirudisha kile kipande kidogo cha asili, hesabu inakubali. Kwa taarifa tu, mwaka 2021 Wu aliajiriwa na Google, katika idara ya usalama wa Android. Mwenye kuvunja kufuli akapewa kazi ya kulitunza.

Njia hii iliendana vizuri na mabadiliko mengine yaliyoanza na Android 7.0, ambapo simu nyingi mpya zilianza kubeba mfumo mara mbili. Upande mmoja unafanya kazi, wa pili umelala. Sasisho huandikwa kwenye upande uliolala wakati wewe unaendelea kupiga simu, na ukiwasha upya unahamia huko. Upande mpya ukishindwa kuwaka, simu hurudi ulikotoka.

Kwa mwenye simu ya aina hiyo iliyorutiwa kwa Magisk, mpangilio ni huu, na mpangilio ndio wenyewe: kwanza anaiagiza Magisk irudishe kipande cha asili, bila kuzima simu. Kisha anapakua na kuweka sasisho kwa njia ya kawaida. Simu ikimwomba kuwasha upya, anakataa. Anarudi Magisk, anaiagiza ijiweke kwenye upande uliolala, na hapo ndipo anawasha upya. Akikosea akawasha mapema, anaamka na simu iliyosasishwa lakini isiyo na funguo, si maafa. Maafa ni kutumia kipande cha kuwashia cha toleo moja juu ya mfumo wa toleo jingine. Simu hubaki ikizunguka kwenye nembo ya kampuni, huwaka na kuzima, huwaka na kuzima, na fundi asiye na faili sahihi hawezi kuisaidia.

Faili sahihi ndilo tatizo letu kubwa. Google huyaweka hadharani matoleo kamili ya kila simu ya Pixel, na toleo kamili, tofauti na lile dogo la hewani, halijali simu ilikuwa katika hali gani. Linaandika juu ya kila kitu cha mfumo na kuziacha picha zako. Si kila kampuni hufanya hivyo. Kwa simu nyingi zinazouzwa hapa, fundi hutafuta mfumo kamili vichochoroni, na aliyeupakia huko hajulikani. Hapo mtu anakuwa amemkabidhi asiyemjua funguo za nyumba nzima.

Aidha, kuna milango isiyorudi nyuma. Agosti 2022, sasisho la Android 13 kwa Pixel 6, 6 Pro na 6a lilikuja na kizuizi: simu ikishapanda haiwezi tena kushuka hadi Android 12, kwa kuwa toleo la zamani la butiloda lilikuwa na kasoro ya usalama. Samsung wao, tangu mwaka 2013, wameweka ndani ya simu zao fyuzi ya kielektroniki chini ya mfumo wa Knox. Ukiwasha simu na mfumo usio rasmi mara moja tu, fyuzi huungua. Unaweza kurudisha mfumo wa kiwandani, ukafunga butiloda, simu ikawa kama mpya, lakini fyuzi haiunganishwi tena, na huduma kama folda salama hazitafanya kazi maisha yote ya simu hiyo. Huawei walikwenda mbali zaidi: Julai 2018 waliacha kabisa kutoa namba za kufungulia butiloda.

Wanaobaki nyuma

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hatari kubwa haimo katika kuruti kwenyewe. Imo katika kile kinachofuata: mtu anachoshwa na usumbufu, anazima taarifa za masasisho, na kubaki na toleo la miaka miwili iliyopita huku milango yote ikiwa wazi.

Mifano ipo. Machi 2011 zaidi ya programu 50 katika soko rasmi la Android ziligundulika kubeba kirusi kilichopewa jina la DroidDream. Kilijirutia chenyewe simu za watu kwa kutumia kasoro zile zile walizokuwa wakizitumia vijana kuruti simu zao. Simu zenye toleo la 2.2.2 na kuendelea hazikudhurika. Juni 2014 George Hotz, kijana aliyepata umaarufu kwa kuifungua iPhone mwaka 2007, alitoa Towelroot, programu iliyoruti simu kwa kubonyeza kitufe kimoja. Mwaka 2016 mbinu hiyo hiyo ilikutwa ndani ya programu hasidi iliyofunga simu za watu na kudai fidia. Waathirika walikuwa wenye simu za zamani zisizosasishwa. Kisha kuna Stagefright ya Julai 2015, kasoro iliyowezesha simu kushambuliwa kwa ujumbe wa picha tu, bila mwenyewe kubonyeza lolote. Ni baada ya hiyo ndipo Google ilipoanzisha, Agosti 2015, utaratibu wa masasisho ya usalama ya kila mwezi, ambao tarehe yake kila mwenye simu anaweza kuiona kwenye mipangilio.

Tarehe hiyo sasa imegeuka kuwa ya fedha. Programu za benki na za malipo huiuliza Google, kupitia huduma iitwayo Play Integrity, kama simu inaaminika. Swali hilo hujibiwa kwa saini inayotoka ndani ya kichakato chenyewe, ikieleza kama butiloda imefungwa au la. Kwa simu za Android 13 na kuendelea, tangu mwaka 2025, daraja la juu kabisa la uaminifu halitolewi kwa simu ambayo haijapata sasisho la usalama ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo hata asiyewahi kuruti, akipuuza masasisho, anaweza kujikuta anafungiwa mlango na programu yenye kudai daraja hilo. Kuna mbinu za kuificha hali ya simu, na kila Google ikiziba moja huzuka nyingine, lakini aliyeweka mshahara wake humo hapaswi kuamka kila mwezi akitafuta mbinu mpya. Ile njia ya kubonyeza nyota na reli haiathiriwi, kwani haiulizi kitu kuhusu Android.

Anayenunua simu ya mtumba basi na aizime na kuiwasha mbele ya muuzaji. Onyo likitokea kabla ya nembo, kwamba butiloda iko wazi, ajue anachonunua. Atazame pia tarehe ya sasisho la usalama, na ajaribu kutafuta sasisho hapo hapo dukani.

Binamu yake mwandishi wa makala haya hakufanya hivyo. Alinunua simu nzuri kwa bei nzuri, na maandishi yale ya kila inapowaka akadhani ni ya kawaida. Miezi minne baadaye programu ya benki yake ikakataa kufunguka siku ya kulipa ada. Fundi aliyempelekea alikuwa mwaminifu: alimwambia kwamba dawa ni kurudisha mfumo kamili wa kiwandani kwanza, kuhakikisha kila kipande ni cha asili, ndipo afunge butiloda, kwa sababu ukiifunga juu ya mfumo ulioguswa simu haiwaki tena. Alimwambia pia kwamba kufunga, kama kufungua, hufuta kila kitu. Binamu alinakili namba za watu. Picha alidhani ziko hewani. Kazi ilichukua nusu saa, na usiku ule masasisho matatu yaliingia kwa mfululizo bila kukwama. Asubuhi benki ilifunguka na ada ikalipwa. Picha za ubatizo wa mwanawe hazikuwa hewani.